Uzi: Plastiki taka kama kaboni ya kutolea chuma kwenye oksaidi: iingie wapi, kiasi gani, na ipi isiguswe

#1 Mhunzi_Saateni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleykum wadau. Kwenye ule uzi wa jaa la taka la Kibele, Unguja, watu wameandika mengi kuhusu "plastiki kuyeyusha chuma" mpaka mambo yamechanganyika. Nafungua uzi mbali tuzungumze kwa vipimo.

Kwanza tutenganishe kazi za kaboni ndani ya tanuri, maana ni tatu na watu wanazifanya moja. Ya kwanza ni kutoa moto. Ya pili ni kunyang'anya oksijeni iliyoshikana na chuma kwenye mawe, kutu au magamba ya mhunzi, na hii ndiyo kazi yenyewe. Ya tatu ni kuingia ndani ya chuma na kukishusha kiwango cha kuyeyuka: chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, lakini kikinywa kaboni asilimia 4.3 huyeyuka kwenye 1,147. Kitu kinaweza kuifanya vizuri kazi ya kwanza na kushindwa kabisa na ya pili. Plastiki ndivyo ilivyo, usipojua pa kuiingiza.

Hesabu ya kazi ya pili ni nyepesi. Gramu 160 za oksaidi nyekundu ya chuma (chuma kilichoshikana na oksijeni) zinahitaji gramu 36 za kaboni, unapata gramu 112 za chuma na gramu 84 za kaboni monoksaidi. Kwa hiyo oksaidi gramu 100 inataka kaboni gramu 22.5, na chuma kisichozidi gramu 69.9 ndicho kitakachotoka. Anayesema alitoa zaidi ya hapo, amepima na mavi ya chuma (uchafu ulioyeyuka ukajitenga na chuma).

Hili si jambo la kubahatisha wala si jipya. Ujerumani, kiwanda cha Bremen kilianza kupuliza plastiki kwenye tanuri kubwa katikati ya miaka ya 1990. Japani, kampuni ya chuma ya NKK ilianza kwenye kiwanda chake cha Keihin mwaka 1996. Nippon Steel wakachukua njia nyengine kuanzia mwaka 2000: wao wanaitia kwenye majoko ya kutengenezea koki (makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa). Australia, timu ya Veena Sahajwalla wa chuo kikuu cha New South Wales ikaipeleka kwenye matanuri ya umeme pamoja na mipira ya magari.

Suali langu kwa wadau: kwa hizi taka zetu za Unguja na Pemba, nini kinafaa na nini hakifai?

#2 KijanaDarajani

Nimetafuta: dumu la mafuta (poliethilini) lina kaboni asilimia 85.7. Mkaa mzuri wa vifuu una kaboni tulivu (inayobaki baada ya moshi na gesi kutoka) kama asilimia 75. Basi si plastiki inaushinda mkaa? Mbona wahunzi hawaitii tu jikoni wakapumzika na bei ya mkaa?

#3 Bi_Kemia

Kijana, hapo ndipo wengi wanapoteleza. Asilimia 85.7 ni kaboni iliyomo kwenye dumu likiwa baridi. Suali ni kaboni ngapi bado ipo pale joto linapofika mahali pa kazi.

Ukilipasha dumu pole pole, linalainika kwenye nyuzi 130 hivi, kisha baina ya 400 na 500 linavunjika lote kuwa mvuke wa mafuta na gesi. Kinachobaki chunguni ni kama hakuna. Kaboni nayo inaanza kuishughulikia oksaidi ya chuma kwa kiasi cha maana kuanzia karibu nyuzi 700, na kasi ya kweli ni juu ya 1,000. Yaani mgeni ameshaondoka kabla mwenyeji hajafungua mlango. Moshi mweusi unaouona ndiyo kaboni yako inayokwenda kwa jirani.

Mkaa hauna tabia hiyo kwa sababu umeshachomwa: vinavyoruka vimeruka zamani, umebaki mfupa.

Plastiki zenyewe hazifanani:

Poliethilini na polipropilini (madumu, ndoo, mifuko, mapolo, viti): kaboni 85.7, haidrojeni 14.3. Hazina kingine cha maana.

Polistireni (vyombo vyeupe vya chakula, maboksi ya samaki): kaboni 92.3, haidrojeni 7.7.

PET (chupa za maji): kaboni 62.5, haidrojeni 4.2, na oksijeni asilimia 33.3. Theluthi nzima ya uzito ni kitu kile kile unachotaka kukiondoa kwenye chuma! Huacha masizi kidogo ikichomwa bila hewa, lakini kwa kilo ni dhaifu.

Nailoni (nyavu, mishipi): kaboni 63.7 na naitrojeni 12.4. Ikichomwa vibaya hutoa sianidi ya haidrojeni. Isichezewe.

PVC (mabomba, mipira ya maji, maganda ya nyaya): kaboni 38.4 tu na klorini 56.7. Hii tutaizungumza peke yake.

Sasa upande wa pili, nisije nikaonekana naiponda. Poliethilini ikiingia mahali palipokwisha kuwa moto sana, haidrojeni yake nayo hunyang'anya oksijeni. Kwa karatasi, gramu 14 za poliethilini zinaweza kubeba gramu 32 za oksijeni, wakati gramu 12 za kaboni tupu zinabeba 16. Kwa gramu moja moja: 2.29 dhidi ya 1.33. Kiwandani huipati yote, maana sehemu kubwa ya haidrojeni hutoka juu bila kufanya kazi, lakini faida ipo na ndiyo maana wakubwa wenye viwanda wanahangaika nayo.

#4 Mhunzi_Saateni

Ahsante Bi. Kwa hiyo neno ni *pa kuingilia*. Kuna mtu anaweza kueleza wale wakubwa wanaingizia wapi?

#5 FundiTanuri_Mtoni

Njia tatu, na kila moja imetatua tatizo la Bi_Kemia kwa namna yake.

Tanuri refu la kupuliza (blasti fanesi). Juu unatia mawe ya chuma, koki na chokaa. Chini unapuliza upepo wenye joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 kupitia midomo iliyozunguka tanuri. Mbele ya kila mdomo pana shimo la moto linalozidi nyuzi 2,000. Plastiki haitiwi juu, katu. Inapulizwa kwa bomba jembamba mle mle mdomoni, ikiwa chembe za milimita chache. Pale inageuka mara moja kuwa kaboni monoksaidi na haidrojeni, na gesi hizo zinapanda kupitia mawe zikiyavua oksijeni. Jambo la kushangaza: chembe kubwa kidogo zinaungua vizuri kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu zinazungushwa kwenye shimo la moto mpaka ziishe. Unga wa makaa ya mawe, kwa upande wake, unapita mara moja tu, ndiyo maana lazima usagwe laini.

Kiasi: kilo 30 kwa tani ya chuma ni kiwango cha kawaida, kikomo kinachotajwa ni karibu 70. Haiwezi kuondoa koki yote. Koki ndiyo nguzo. Ndiyo inayobeba mzigo wote wa juu na kuacha njia za gesi. Plastiki haina mgongo wa kubeba chochote.

Kinachokwama: (a) plastiki ikivunjika inakula joto, moto wa mdomoni unapoa, kwa hiyo lazima uongeze oksijeni kwenye upepo, (b) vipande vya mifuko vinayeyukia ndani ya bomba la kupulizia na kuliziba, (c) maji. Chembe zenye unyevu zinashikana kwenye pipa na kushuka kwa mafungu, mara zinajaa mara hakuna, na tanuri linachukia hilo kuliko kitu chochote.

Joko la koki. Plastiki inachanganywa na makaa ya mawe, asilimia 1 tu, ikishinikizwa kuwa vidonge, halafu inaokwa bila hewa mpaka nyuzi 1,100 hadi 1,200. Karibu asilimia 20 yake hubaki kama koki, 40 inakuwa lami na mafuta, 40 gesi, na zote zinakusanywa. Mbona 1 tu? Ukizidisha, koki inakuwa laini na kupondeka, na nimeshasema koki ni nguzo. Uzuri wa njia hii ni kwamba klorini inashikwa kwenye maji ya amonia.

Tanuri la umeme la tao (linaloyeyusha kwa cheche kubwa ya umeme). Hapa hakuna mawe ya chuma, ni vyuma chakavu. Kaboni inapulizwa kwenye mavi ya chuma yaliyoyeyuka kwenye nyuzi 1,600 ili yatoke povu. Povu linafunika tao la umeme, linaokoa umeme na matofali. Plastiki au mpira unachanganywa na koki, hautiwi peke yake, maana peke yake unawaka juu juu kabla haujagusa mavi.

#6 KijanaDarajani

Shukran. Kwa hiyo jiko la mhunzi na matanuri yetu ya kuchomea chokaa ya matumbawe, vyote havimo kwenye orodha?

#7 FundiTanuri_Mtoni

Havimo, na visiwemo. Tanuri la chokaa linafanya kazi kwenye 900 na ushei, juu kumepoa, hakuna wa kukamata moshi. Plastiki itatoka nusu imeungua. Ikiwemo PVC, klorini itakamatwa na chokaa yenyewe na kuwa kloridi ya kalsiamu, chumvi inayovuta maji hewani. Ukuta uliopakwa chokaa hiyo utatoka jasho kila masika na misumari italiwa na kutu. Wacha magogo yafanye kazi yake.

#8 Bi_Kemia

Naongeza kwenye PVC, kisha tuiache. Kilo 1 ya PVC safi hutoa gramu 583 za haidrojeni kloraidi. Ikikutana na unyevu, na kwetu hewa yote ni unyevu, ni asidi. Kuizima kwa chokaa iliyozimwa kunataka kama gramu 593 kwa hesabu, na kwa vitendo mara mbili yake kwa sababu chokaa yote haiguswi. Na moshi wa klorini pamoja na masizi, ukipoa pole pole baina ya nyuzi 450 na 200, ndipo dioksini (sumu kali) zinapojitengeneza. Hazionekani na hazinuki. Juu ya hayo, mabomba na maganda ya zamani yana madini ya risasi ndani yake. Ukichoma waya ili upate shaba, umevuta vyote kwa pumzi moja.

Wajapani walijenga mtambo mzima wa kuikaanga PVC kwenye nyuzi 300 na kitu ili klorini itoke kwanza, ndipo wakaipuliza. Asiye na mtambo huo aitoe kwa mkono.

#9 Wa_Pwani_Mashariki

Naam, mlipofika hapa naingia. Tatizo la taka za visiwani halipo kwenye vitabu vya Ulaya: chumvi na mchanga.

Tuanze na chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Chukua kilo 1 ya nyavu au kamba za mwani zilizotoka majini zikiwa zimebeba maji gramu 200, zianike jua la Paje mpaka zikauke. Maji yameruka, gramu 7 za chumvi zimebaki. Chumvi ya kupikia ni klorini asilimia 60.7, kwa hiyo una gramu 4.2 za klorini, yaani asilimia 0.42 ya mzigo. Bila hata kipande kimoja cha PVC! Ukijiwekea kikomo cha klorini cha asilimia 0.5, umekaribia kuimaliza nafasi yako kwa chumvi tupu. Kwa kulinganisha, kikomo hicho kwa PVC maana yake ni kilo 0.88 kwenye kilo 100. Bomba moja la choo na gunia zima limeharibika.

Sodiamu nayo ni adui wa pili. Kwenye tanuri refu inageuka mvuke chini, inapanda, inaganda juu, inashuka tena, inazunguka hivyo hivyo ikila matofali na kuidhoofisha koki.

Dawa ni maji matamu mara mbili: la kwanza kuloweka nusu saa na kukoroga, la pili kusuuza. Usitumie maji ya kisima cha pwani bila kuyaonja. Visima vingi vya ukanda wa mawe vina chumvi yake.

Sasa mchanga. Hapa tuna bahati ya nusu nusu. Mchanga mweupe wa pwani ya mashariki si mawe ya kioo (silika), ni matumbawe na magamba yaliyosagika, yaani kalsiamu kabonati. Tanurini unakuwa chokaa na kusaidia kuyeyusha mavi. Lakini si bure, kuuvunja kunakula megajuli 1.78 kwa kilo. Udongo mwekundu wa mashambani na mchanga wa kioo ni kinyume: kila kilo 1 ya silika inataka kama kilo 1.2 za chokaa ili mavi yawe mepesi. Anayekusanya Kiwengwa ufukweni na anayekusanya Mwanakwerekwe mjini hawana mzigo mmoja, hata plastiki zikifanana.

#10 Mhunzi_Saateni

Maalim, kupambanua je? Si kila mtu anajua hii ni PVC na hii si PVC.

#11 Wa_Pwani_Mashariki

Pipa la maji matamu na waya wa shaba vinatosha kwa asilimia kubwa.

Pipa: katakata vipande vya ukucha, tia, koroga kwa nguvu na tone la sabuni ili hewa isishike. Vinavyoelea ni polipropilini (uzito 0.90–0.91) na poliethilini (0.92–0.97), hivyo ndivyo unavyovitaka. Vinavyozama ni polistireni ngumu (1.05), nailoni (1.14), PET (1.38) na PVC (kuanzia 1.2 kwenda juu). Tahadhari tatu. Maji ya bahari yasitumike hapa pia: uzito wake ni 1.025 na polistireni inakaribia kuning'inia katikati. Boksi la samaki la povu linaelea ingawa ni polistireni, na ndara za povu vile vile. Toa kwa macho kabla. Na nyavu zinashika hewa kwenye vifundo, zitaelea kwa uongo mpaka uzikamue.

Waya: pasha waya wa shaba mpaka usitoe rangi tena, gusisha plastiki iliyo baridi, rudisha motoni. Kijani kibichi maana yake klorini ipo. Kipande kioshwe kwanza, kwani chumvi inatoa njano kali inayoficha kijani. Fanya penye upepo, kipande kimoja kimoja.

Kamba za mwani zenyewe mara nyingi huelea, ni polipropilini au poliethilini, mali nzuri kabisa. Nyavu za nailoni zinazama. Pipa litakuamulia.

#12 Mashine_Wete

Kwenye kukata, kamba ndiyo inayoua mashine. Ikiingia ndefu inajiviringa kwenye ekseli, inapata moto, inayeyuka, inaganda kama gundi, na kuitoa ni kisu na siku nzima. Ikate kwanza kwa panga au shoka juu ya gogo, vipande visivyozidi sentimita 30. Mifuko myembamba ina ugonjwa huo huo, pamoja na wa pili: haina uzito. Inapanda juu ya visu na kucheza. Isukumwe kwa kibao, si mkono.

Baada ya kukata, mifuko lazima ishikizwe iwe chembe nzito. Njia rahisi ni pipa lenye visu vinavyozunguka kasi: msuguano unaipasha mpaka 100–120, inaanza kusinyaa, hapo hapo unarusha maji kidogo, inajikunja kuwa chembe kama mtama. Ukichelewa sekunde chache inakuwa donge moja. Ukiwahisha, inabaki manyoya. Sikiliza mota: sauti ikizama na kubeba mzigo, tia maji.

Mchanga unamaliza visu. Ukiona visu vinatafuna badala ya kukata, usilaumu chuma cha visu, rudi kwenye pipa la kuoshea.

#13 KijanaDarajani

Nataka jaribio dogo, la skuli au chuo. Nitumie nini, gramu ngapi?

#14 FundiTanuri_Mtoni

Sawa, ila lifanyiwe mahali penye tanuri la umeme linalofika 1,550 na bomba la kuvuta moshi. Jiko la mkaa na feni halitakupa majibu ya kuaminika, kwa sababu kaboni ya jiko inaingia kwenye hesabu.

Oksaidi: magamba yanayodondoka chini ya fuawe la mhunzi. Yasage, yachekeche kwa chekecheo la unga, kisha yaoke wazi kwenye 800 mpaka uzito usiongezeke tena. Hapo mafuta yameungua na karibu yote yamekuwa oksaidi nyekundu, hesabu ya 22.5 inasimama. Ukiruka hatua hii utakuwa na mchanganyiko wa oksaidi usioujua.

Michanganyiko mitatu, kila mmoja na oksaidi gramu 100 na chokaa gramu 5:

A: mkaa wa vifuu gramu 30 (kwa 75 ya kaboni tulivu inakupa zile 22.5).
B: mkaa 24, dumu lililosagwa 6.
C: mkaa 15, dumu 15.

Usitumie molasi wala unga wa muhogo kugandishia. Vyote ni kaboni na vitakudanganya. B na C zishinikize kwenye nyuzi 140 hadi 150, plastiki yenyewe ndiyo gundi. A gandisha kwa hiyo chokaa na maji, kausha kwenye 105 usiku kucha. Vidonge vya milimita 12 hadi 15.

Chungu kiwe cha alumina. Watu wanakimbilia chungu cha grafiti kwa sababu hakipasuki, lakini grafiti ni kaboni, chuma kitaila na hutojua nani amefanya kazi.

Pasha chungu kitupu pole pole mpaka 1,550. Vidonge vinatiwa chungu kikiwa moto tayari, vitatu vitatu, kwa koleo refu, dakika moja katikati. Hii ndiyo siri yote ya jaribio. Kidonge kikipashwa ghafla, mvuke wa plastiki unalazimika kupita kwenye mkaa na oksaidi vilivyokwisha pata moto, unavunjika na kuacha kaboni yake humo. Ukivipandisha pamoja na tanuri kutoka baridi, C itatoka kama vile hukutia plastiki.

Miali itaruka kila ukitia. Kioo cha uso, glavu, mikono mirefu ya pamba. Kidonge chenye unyevu hurukaruka, ndiyo maana ya kukausha.

Baada ya dakika 20 toka kidonge cha mwisho, zima, acha kipoe ndani, vunja chungu, tenga mavi, pima chuma. Gramu 55 ni asilimia 79 ya 69.9. Fanya kila mchanganyiko mara tatu, moja haisemi kitu.

#15 Bi_Kemia

Jamani, hatari ya gesi isipitwe. Oksaidi gramu 100 hutoa kama lita 42 za kaboni monoksaidi. Chumba cha mita 3 kwa 3 kwa 2.7 kilichofungwa kitakuwa na sehemu 1,700 kwa milioni, na kiwango hicho kinaweza kuua mtu ndani ya saa chache. Kwa gramu mia tu! Kifaa cha kupima gesi hiyo kiwepo na kilie, tusitegemee pua, haina harufu.

Na jambo la joto: kazi hii haijipashi. Kutoa kilo 1 ya chuma kwa kaboni kunakula karibu megajuli 4.4 kabla hujahesabu kupasha na kuyeyusha. Anayeahidi tanuri la plastiki lisilotaka umeme wala mkaa anauza hewa.

#16 KijanaDarajani

Nikipata A = 60, B = 60, C = 41, maana yake?

#17 FundiTanuri_Mtoni

Maana yake plastiki gramu 6 imezifidia sawasawa gramu 6 za mkaa, na kwenye nusu kwa nusu mfupa umepungua mno. Kabla hujaandika hivyo, pitisha sumaku kwenye mavi ya C. Yakishikwa kwa nguvu, kuna matone ya chuma yaliyonaswa humo na tatizo lako ni mavi mazito, si kaboni. Ongeza chokaa gramu 2 urudie.

#18 Mhunzi_Saateni

Tuje kwenye fedha. Visiwani hatuna mawe ya chuma, na umeme wenyewe unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara. Kwa hiyo kilichopo ni kuandaa plastiki na kuipeleka. Dar wanayeyusha vyuma chakavu, si watanunua?

#19 FundiTanuri_Mtoni

Uliza kwanza tanuri lao ni la aina gani. La induksheni (linalopasha chuma kwa sumaku ya umeme) halina mahali pa kupulizia na halihitaji povu. Ukirusha plastiki juu ya chuma kilichoyeyuka inaelea, inalipuka kwa miali, na kaboni inayoingia ni kidogo sana. Hao hawatanunua, na wakinunua hawatarudi. Soko ni tanuri la tao, joko la koki, au tanuri refu.

Na anayefikiria mawe ya chuma ya Liganga, kule Ludewa bara: yana titani na vanadi. Mawe ya namna hiyo yakinyang'anywa oksijeni kupita kiasi kwenye tanuri refu, mavi yanakuwa uji mzito usiotoka. New Zealand huyakaanga kwanza na makaa ya mawe kwenye joko la kuzunguka, kisha tanuri la umeme. Kwenye joko hilo plastiki ingekuwa na shida ile ile ya Bi_Kemia: inapanda joto pole pole. Kwa hiyo tusiitegemee Liganga kwa hili.

#20 Mashine_Wete

Hesabu ya mzigo nayo. Tanuri refu la tani milioni 1 kwa mwaka likila kilo 30 kwa tani linataka tani 30,000, yaani tani 82 kila siku. Chembe za plastiki kwenye kontena la futi 20 ni kama tani 12. Makontena saba kwa siku moja! Taka zetu za mwaka mzima watazila kama kifungua kinywa. Lakini tanuri la tao la tani 100,000 likipuliza kaboni kilo 10 kwa tani, na asilimia 30 yake iwe plastiki, ni tani 300 kwa mwaka. Hapo visiwa viwili vinaweza kuzungumza.

#21 Wa_Pwani_Mashariki

Na dumu safi lisiende tanurini. Linauzika kwa bei nzuri zaidi kuwa dumu tena au ndoo. Kulichoma ni israfu. Tanurini ziende mifuko iliyochakaa, mapolo yaliyokatika na jua, kamba zilizooza. Zile ambazo mtengeneza ndoo anazikataa.

#22 Mhunzi_Saateni

Mnunuzi atauliza nini?

#23 Mashine_Wete

Vitu vitano: ukubwa wa chembe, unyevu, majivu, klorini, na uzito kwa mita ya ujazo. Unyevu: pima gramu 100, weka kwenye 105 kwa saa 2, pima tena, usipandishe zaidi, poliethilini nyepesi inayeyuka kwenye 110 hivi. Majivu: choma gramu 10 kwenye chungu chini ya bomba la moshi, maliza kwenye 600 mpaka weusi uishe, pima kilichobaki. Ukipanda juu ya hapo, mchanga wetu wa matumbawe unaanza kuvunjika na majivu yatasoma madogo kuliko yalivyo. Klorini itabidi maabara.

Uzito kwa mita ya ujazo: ndoo ya lita 20 ijazwe bila kushindilia, ipimwe, mara 50.

Na sampuli isichotwe juu ya gunia. Mchanga hushuka chini njiani, hasa mzigo ukipita chomboni kutoka Mkoani. Mwaga gunia zima kwenye turubai, lichanganye, ligawe mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, gawa tena, mpaka ubaki na kilo 1. Ukichota juu, karatasi yako itasema majivu 2 na gunia la mnunuzi litasema 6, na atakayekatwa fedha ni wewe.

#24 KijanaDarajani

Gunia ngapi kwa mzigo wa tani 12?

#25 Mashine_Wete

Ukijaza kilo 25 ni magunia 480. Mwaga moja kila 20, yawe 24, na yachaguliwe wakati wa kupakia, si baada. Lile la mwisho lazima liwemo, ndilo huwa na makombo ya sakafuni.